Ngozi Mbichi

Walinipa glasi ya maji matamu,
rangi ya machungwa yasiyowahi kuona mti.
Kunywa yote, wakasema, usitapike, keti.
Nikaketi saa mbili kwenye benchi la zahanati, Kaloleni,
mtoto akirukaruka ndani kama aliyelipwa kucheza.

Mimi hushona viatu Kariokor.
Nawajua ng'ombe kwa migongo yao:
huyu alikwaruzwa na miiba ya Kajiado,
huyu alichapwa sana,
huyu aliuzwa na njaa.
Kwa hiyo daktari alipotaja kolajeni
nikamwambia, sema ngozi tu, tutaelewana.

Akacheka, Daktari Nasimiyu, kalamu kaichomeka kwenye nywele.
Akasema mwilini mna nyuzi,
ndizo zinazoshika mfupa kwa mfupa.
Miezi hii zinalegezwa kwa amri,
nyonga zipate kufunguka,
mlango wa kizazi ulainike siku ikifika.
Lakini sukari ikizidi damuni
haipiti tu ikaenda zake.
Hujibandika kwenye protini pasipo kualikwa,
ikashika uzi huu, ikashika na wa jirani,
hata nyuzi zilizokuwa zikiteleza
zikawa wafungwa wa pingu moja.

Si kwa wiki moja, akaongeza. Ni kazi ya polepole.
Na mengine, mama, hata sisi bado tunayatafuta.

Nikaliona pipa.
Ngozi mbichi, nzito, inanuka,
inatumbukizwa kwenye maji ya magome ya muwati;
magome yanaingia, yanafunga fundo moja moja,
na ikitoka haiozi tena,
wala hairudi kuwa ng'ombe.
Hiyo ndiyo sifa ninayowapigia wateja kelele,
"Haiachii hii! Miaka kumi!"
Leo imenikaa vibaya kooni.

Kutanisha viganja, akasema, kama unayeomba.
Vikakutana.
Akaandika kitu.
Mimi nilikuwa nimeshafika Mbooni, jikoni kwa mama,
miaka yake ya mwisho ya kisukari,
vidole vimejikunja kama vinashika mpini usiokuwepo,
na kati ya kiganja na kiganja, upenyo.
Ungepitisha punje ya hindi.
Tulidhani ni uzee. Tulidhani ni jembe.
Katekista aliwahi kumkanya
kwamba anaomba kivivu.

Saa kumi Owuor ananiletea soda na hafkeki, kama kila siku.
Naisukuma chupa upande wake wa meza.
Ananitazama, anatazama tumbo, haulizi.
Anakunywa zote mbili.

Mkanda mkavu hukunji kwa nguvu, utaupasua.
Unaulowesha, unausubiri,
unaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukubali.
Hilo sikufundishwa zahanati.
Lakini natembea sasa, kila jioni,
kutoka Kariokor hadi Ziwani na kurudi,
viazi vitamu nusu sahani, chai chungu
inayonifanya nikunje uso kama mtoto aliyepewa kwinini,
na kile kidole kilichodungwa asubuhi
kinaacha doa dogo jekundu kwenye kandambili za watu.

Usiku nikigeuka kitandani
mfupa wa mbele unalia ka!
kama kufuli kuukuu.
Kimanthi anashtuka: Nini hicho?
Mlango, namwambia. Wanaujaribu.
Unauma?
Unauma sana.
Anataka kuniita bodaboda usiku huo huo,
nami nacheka gizani, machozi yakinitoka,
kwa sababu kinacholegea bado kinalegea.

Akirudi usingizini
natoa mikono nje ya blanketi.
Taa ya barabarani inapenya kwenye pazia,
mwanga mwembamba, wa kutosha.
Nakutanisha viganja, kidole kwa kidole,
navisogeza mbele ya ule mwanga
nione kama kuna unapopita.

Siombi. Napima.

Kisha, maadamu vimeshakutana,
naomba.