Kikokotoo Namba Kumi na Saba

Nyuma ya mlango wa Bi Hruska kilining'inia kitambaa
chenye mifuko thelathini, kila mfuko na namba yake.
Changu kilikuwa kumi na saba.
Kitufe cha kuzidishia kilishafutika alama,
na mgongoni mtu aliyenitangulia alikwaruza kwa ncha ya bikari:
NILIPITA HAPA. MTIHANI SIKUPITA.

Levelland, Texas, mji bapa kama sahani iliyolambwa.
Novemba. Pamba imevunwa,
na masazo yake yamenasa kwenye nyaya za uzio
kama theluji iliyokosea anwani.

Baba alikuwa mchomeleaji.
Bwana Schacht alitaka tangi la maji ya ng'ombe,
pande zote sawa, urefu, upana, kina,
liingie futi za ujazo mia tatu arobaini na tatu.
"Nohemí," baba akasema, "shuleni uko wewe."

Kipeo. Kipeuo.
Ni u moja tu, nyembamba, imejipenyeza katikati,
na tayari kimoja kinapanda ngazi
na mwenzake anauliza ngazi ilianzia wapi.

Nikaandika 343, nikabonyeza kofia,
moja, mkwaju, tatu.
Mashine ikajibu bila haya:
114.3333333

Nikaliona tangi hilo: futi mia moja kumi na nne kila upande,
limemeza zizi, limemeza trekta,
na mbwa wa Bwana Schacht anaogelea sebuleni.

Bi Hruska hakucheka.
Kwa kalamu nyekundu alichora hilali mbili,
moja kushoto kwa ile sehemu ya tatu, moja kulia, zikitazamana.
"Haikukosea. Umeiambia ipandishe kwa moja, kisha igawe kwa tatu.
Imekutii. Ungeyafunga mabano."
Nikayafunga.
7

Saba tu? Baada ya ile bahari?
Sikuiamini.
"Basi ione," akasema.
Mstari wa kwanza: x kwa kipeo cha tatu.
Mstari wa pili: 343, peke yake.
Grafu.
Mkunjo ukachomoza kutoka chini, ukajilaza kidogo pale sifuri
kama mtu anayepumzika katikati ya kilima,
ukainuka, ukatoka juu ya kioo. Mstari wa pili haukuwepo.
"Upo," akasema Bi Hruska. "Dirisha lako ndilo fupi."

Kioo kiliishia kumi.
Nikakinyanyua hadi mia nne,
na mstari ukaja, bapa, Levelland mtupu,
mkunjo ukaukata mahali pamoja tu.
Makutano: x ni saba.

Kengele ilipolia nilikuwa bado nacheza.
Nikaweka alama ya hasi mbele ya 343.
Kipeuo cha pili kingegoma, kingeandika KOSA.
Hiki kilinipa hasi saba, kwa upole,
nami nikakumbuka daftari la baba la madeni ya chuma,
kurasa zote za upande wa chini wa sifuri,
na kwamba huko nako kuna mzizi.

Jioni Bwana Schacht alibadili mawazo. Mia nne, akasema.
Kesho yake nilirudi na jibu kiganjani, kwa wino:
7.368062997
Baba aliusoma mkono wangu wote, hadi kwenye kifundo.
"Chuma hakijui tarakimu ya tisa," akasema,
akavuta futi kamba: futi saba, inchi nne na nusu,
ile ziada ndogo akaiachia moto,
maana chuma kikichomwa hujikunja kidogo, kama mtu aliyeonewa.

Akashusha kinyago cha kuchomelea.
Cheche zilipoanza kuruka niligeuza uso,
nikatazama mkono wangu,
ambapo jasho lilishaanza kuifuta saba ya mwisho.