Mkono Mtupu

Mimi nina miaka hamsini na mmoja,
magoti yangu yana sabini.
Kila Jumanne na Ijumaa, nikishafunga dirisha la tiketi
stesheni ya Kumbakonam,
nakata uchochoro wa wafua shaba
nafika kwa Mwalimu Kanagavalli nanuka wino na sarafu,
nasimama mstari mmoja na watoto wa darasa la pili.

Yeye yuko chini, miguu kaikunja,
fimbo mkononi, kigogo cha mti mbele yake.
Tai-ya-tai. Tai-ya-tai.
Kaa nusu, asema. Si kuketi, si kusimama;
goti hili litazame mashariki, lile magharibi, kama waliogombana.
Paja langu latetemeka kama mfuniko wa sufuria.
Yazhini, asiye na meno mawili ya mbele,
ananinong'oneza: Shangazi, usibane pumzi.

Miezi minne, miguu tu.
Wa tano akanipa mkono.
Wa kwanza huitwa pataka, bendera:
vidole vinne vimenyooka, vimeshikana,
gumba limejikunja ubavuni. Basi. Ndani hamna kitu.
"Hili ni wingu," akasema, na juu ya kichwa chake pakatanda.
"Mto. Msitu. Usiku. Kiapo. Mlango unaofungwa."
Wapo wasemao mkono mtupu haulambwi.
Wake, ningeukinga chini kwa ndoo.

Bibi yake alicheza hekaluni.
Mke wa mungu, walimwita siku za heshima;
siku za dharau walikuwa na neno jingine,
na neno hilo lilimtangulia mjukuu shuleni.
Sheria ikaja, mlango wa hekalu ukafungwa,
njuga zikauzwa kwa mizani, bei ya shaba.
Mama yake akasomea uuguzi, hakutaka ngoma hata ya harusi.
Kanagavalli alifundishwa jikoni, bila kuambiwa anafundishwa:
bibi akichambua dengu, vidole vikiokota kijiwe,
mara vikasahau dengu, vikamwandikia mfalme barua,
vikaisoma, vikaona haya, vikaichana.
Mama akiingia, vilirudi kwenye ungo.

"Waliotutemea mate," asema akihesabu ada,
"leo wananiletea wajukuu zao kwa pikipiki.
Nawapokea. Unyayo wa mtoto hauna kosa."
Kisha fimbo juu ya kigogo,
kwa nguvu kuzidi inavyohitajika.

Ijumaa iliyopita aliniambia, "Funga mlango."
Nikafunga. Nikatia huzuni usoni, nyusi hivi, midomo hivi.
"Unanieleza kwamba una huzuni. Sikukuuliza.
Nimesema funga mlango."

Nikafunga tena, na mkono ukakumbuka nisichoutuma:
mwaka wa mafuriko, treni ya usiku ya Chennai, imejaa,
na mtu mwenye mfuko wa plastiki, shati limelowa,
mama yangu hana siku mbili, asema,
nitasimama, hata chooni nitasimama.
Saa ya kufunga ilikuwa imepita kwa dakika tatu.
Nilikishusha kile kibati polepole, kwa kiganja,
vidole vinne vimenyooka, gumba limejikunja.
Vyake vilikuwa bado juu ya ubao, upande wa pili.

Watoto waliokuwa wakinicheka walinyamaza.
Fimbo haikugonga.
Yazhini akauliza, "Alikuwa nani?"
"Maji," akasema mwalimu. "Nendeni wote mkanywe maji."

Mwisho wa somo tunachutama, tunagusa sakafu, tunagusa macho:
tunaiomba ardhi radhi kwa kuikanyaga.
Siku zote mimi hufanya upesi, niwahi basi la saa mbili.
Siku ile nilikawia huko chini,
kiganja juu ya saruji yenye joto la nyayo za watoto,
na basi likapita,
nikalisikia likipita.