Fani

Leo Kidato cha Pili B wamekwama
kwenye neno moja la Kiingereza.
"Mwalimu, fani si ni kuchekesha?"
ameuliza Elinami, kalamu imechomekwa sikioni.
Ndiyo, nimesema. Na siyo.
Kisha nikageukia ubao, nikasimama tu.

Baba alibeba magunia kwenye kiwanda cha kahawa, hapa hapa Moshi,
miaka ishirini na mitatu akimeza vumbi la maganda,
mpaka kikohozi chake kikawa jogoo wetu.
Tukamshusha kutoka Kibosho, Januari, mlima ukiwa wazi,
mama na kitenge chake cha kanisani,
mimi na chupa ya chai iliyovuja hadi soksi.

Daktari alikuwa mgeni, nywele kama ndevu za mahindi.
Akaishika picha ya kifua dirishani.
Akaigeuza.
Akaigeuza tena.
Nyuma ya mbavu za baba Kibo ikaonekana,
weupe juu ya weupe.
"Fani," akasema polepole. "Veri fani."

Tukamtazama Sista Aikaruwa.
Naye, maskini, Kiingereza chake kilikuwa cha dozi na vipimo:
"Anasema... inachekesha."

Baba ndiye aliyeanza.
Akacheka akakohoa, akakohoa akacheka,
mama kitenge mdomoni, mabega yakimruka,
hata mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye hakuambiwa lolote.
Anayekufa hatolewi kichekesho, tulijua hivyo.
Daktari peke yake hakucheka.
Aligonga picha kwa kalamu, upande wa kulia:
moyo. Uko huku.

Kioja, basi. Ndicho alichomaanisha.
Kikohozi kilikuwa vumbi, tukapewa vidonge.
Moyo ulizaliwa hivyo; ulikosea mlango,
ukaketi zake miaka hamsini na moja
wala hakuna aliyeuuliza.

Mama hakusema kitu mpaka tulipovuka daraja la Karanga.
"Ndesario," akasema, "miaka yote nalalia kifua chako
upande wa kushoto. Kimya.
Nikajiambia, haya, nimeolewa na mtu mtulivu."

Usiku ule, nyuma ya ukuta wa mbao,
nilisikia kitanda kikilia,
mtu akihama upande.

"Mwalimu?"
Nimeandika *kioja*. Nimefuta.
Nimeandika *kichekesho*.
Elinami amenakili yote mawili,
hata lile nililolifuta.