Mkono wa Kushoto wa Bi Darmi

Jumanne, saa kumi na moja na robo, ghorofa ya tatu, Ngara.
Nimefunga dirisha, mvua na mafundi vioo wabaki nje.
Nimeegemeza simu kwenye boksi la glavu
na kuingoja Kalacha iamke.

Kwanza huja sauti, upepo wa Chalbi ukichapa turubai,
kisha paji la uso, kisha kidole cha Talaso
kikifuta vumbi kwenye jicho la simu.
"Daktari, unatuona?"

Mimi si daktari. Nimeshamwambia mara tano.
Mimi ni mtaalamu wa viungo,
vya mwili, si vya pilau,
na kazi yangu ni kushika.
Miaka kumi na moja nimeshika magoti, mabega,
nyayo zilizosahau sakafu.
Kiganja changu humjua msuli mwongo
kabla mwenyewe hajafungua mdomo.
Leo kimelala mezani
kama kijiko mchana wa mfungo.

Naazima mikono ya msichana wa miaka kumi na minne.
"Mshike juu ya kiwiko. Juu zaidi. Si hivyo,
kama unavyomzuia mwanambuzi asiruke."
Hapo anaelewa.
Nasema neno moja tu, "kaza",
naye analipeleka kwa bibi yake kwa Kigabra
na linafika limerefuka, limebeba jina la utani,
pengine na tusi dogo, maana bibi anacheka
kwa ile nusu ya uso iwezayo kucheka.

Mwanzoni nilimtumia mpira wa kuminya. Fomu inasema mpira.
Wiki tatu mpira ukakaa chini ya kitanda,
hata mbuzi alipoutafuna hakuna aliyelia.
Nikaichana fomu, moyoni tu, maana fomu zina ukaguzi,
nikauliza: mkono huu, kabla ya kiharusi,
ulikuwa na kazi gani?

Bi Darmi hakungoja mkalimani.
Alinyoosha kidevu kuelekea chombo cha maziwa
alichokisuka mwenyewe, nyuzi za mizizi
zilizobanwa hata tone halipiti.
Wa kulia ulisuka, Talaso akatafsiri.
Wa kushoto ulishikilia.
Anasema hakuna aliyewahi kuusifu.

Basi leo: kikombe cha bati, maziwa nusu, mkono wa kushoto.
"Taratibu. Bega lisipande. Pumua."
Nainua wa kwangu ili auone,
na huko, mwisho wa barabara nisiyowahi kuisafiri,
kikombe kinaachana na mkeka,
upana wa kidole, wa vidole viwili,

picha ikaganda.

Kikombe hewani. Mdomo wa Talaso wazi.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mtu aliyepoteza ufunguo mlangoni pake.
Umeme wa Ngara nao ukaaga,
jenereta ya jirani ikakohoa, ikakataa.
Nikabaki naiambia picha: shikilia, mama, shikilia,
nisijue ni yeye ninayembembeleza
au ni mnara wa simu.

Sauti ikafika peke yake, imechelewa, vipande vipande:
kishindo cha bati,
kicheko, si cha mtu mmoja,
kisha Talaso: "...mwaga! Amemwaga! Yote!"

Amemwaga.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha kumwaga.
Lakini kikombe kilichotulia mkekani
hakipigi kishindo.

Moraa wa usafi alisukuma mlango kwa ndoo,
akanikuta katika giza, simu imezimika,
mkono wangu wa kushoto ungali juu.
Akautazama ukuta ulio mbele yangu,
akanitazama mimi.
"Unampungia nani?"