Saa Nane na Dakika Saba

Mimi ndiye niliyesema nakala ya usiku yatosha.
Niliandike hilo kwanza, lisije likafutika.
Kila saa nane ya usiku seva yetu ya Blönduós
ilimimina majedwali yote katika faili moja,
ikalibana, ikalifunga:
kondoo laki moja na kitu, alama za masikio yao,
nani kazaa nani, nani kauguzwa lini.
Faili nene. Nikauliza, mnataka nini tena?

Steinvör hakubishana.
"Tukianguka mchana, je?"
Nikamjibu hatujawahi kuanguka mchana.
Akanitazama kama mtu aliyehesabu akiba ya mwenzake
akaikuta pungufu.

Akanichorea kwa kidole juu ya vumbi la meza.
Nakala ya usiku ni picha ya mtu aliyelala;
haijui ataamkia wapi.
Picha ya diski nayo ni picha, hata ukiipiga kila saa,
kati ya moja na nyingine pana giza la dakika sitini.
Lakini chukua mwili mzima, mafaili yenyewe, kila Jumapili,
kisha tunza kumbukumbu ya kila badiliko
kwa mpangilio ule ule seva ilivyoliandika,
ipelekwe Akureyri kabla haijapoa.
Hapo unao mwili na unazo pumzi zake.
Unauambia: pumua mpaka hapa.
Hapa. Usizidishe.

Gharama?
Diski. Na siku moja kila mwezi ya kujaribu kurejesha,
maana chelezo usiyowahi kuirejesha
ni boya lililochorwa ukutani.
Nikatia sahihi ili aniondokee.

Septemba ile theluji iliwahi.
Wafugaji walikuwa mlimani na mbwa na fimbo ndefu,
wakifukua, wakiandika palepale kwenye simu:
hai. Mfu. Hai. Hai.
Asubuhi nzima, kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Saa nane na dakika saba mchana
Dagrún, wiki yake ya tatu kazini,
alitaka kumfuta kondoo mmoja aliyeandikwa mara mbili.
Akasahau sharti.
Amri ikasema futa, haikusema yupi.
Jedwali likawa jeupe kuliko nje.

Mali bila daftari hupotea bila habari;
na daftari lenyewe likipotea?
Nililikumbuka faili langu nene,
lililofungwa saa nane ile ile, upande wa pili wa siku.
Halikumjua hata kondoo mmoja wa asubuhi.

Steinvör alivua koti. Hakumtazama Dagrún,
na huo ulikuwa wema.
Mwili wa Jumapili akauweka kwenye seva ya pembeni,
ile iliyoumia asiiguse,
akaanza kuulisha: Jumatatu, Jumanne, Jumatano,
Alhamisi alfajiri, Alhamisi adhuhuri.
Ukomo akauandika mwenyewe:
saa nane, dakika sita, sekunde hamsini na nane.
"Mbona si hamsini na tisa?"
"Sijui kidole chake kina kasi gani."

Dakika arobaini. Hakuna aliyeketi.
Kisha kondoo wakarudi, hai kwa mfu, kila mmoja na sikio lake.

Ndipo akaifungua tena ile seva iliyoumia.
Katikati ya weupe palikuwa na mstari mmoja:
jike, sikio la kushoto limepasuliwa ncha, hai,
saa nane, dakika saba, sekunde thelathini na moja.
Eyvindur alikuwa amemwandika
wakati sisi tumeshika vichwa.

Nilimpigia. Upepo ulimjaa mdomoni.
"Siku mbili chini ya theluji," akasema, "amekula sufu yake mwenyewe.
Kwani kuna tatizo?"
Nikasema hakuna.

Dagrún ndiye aliyeuhamisha mstari ule.
Alisoma sharti mara tatu,
akameza mate,
akabonyeza.