Vipuri

Duka la Ezio, mtaa wa nyuma, Trieste.
Upepo wanaouita bora, na si bora hata kidogo,
unagonga mlango kama mwia.
Nerina ameweka pochi juu ya kaunta, hajaifungua.
"Nipe mashine itakayonizika."
Ana miaka sabini na mitatu; si dai kubwa.

Ile yenye taa za buluu Ezio haisifu.
Anaipindua chali kama mtoto wa kubadilishwa nepi,
analegeza skrubu nne:
"Tazama tumbo. Hapa plastiki. Hapa gundi.
Gundi haina fundi."

Kisha ile ya chuma, nzito, sura ya sanduku la posta,
birika la shaba, swichi moja.
Mpira wake wa kuzuia mvuke ni bei ya mkate,
utaubadilisha mwenyewe, kwa bisibisi na subira.

"Chenji usiilaze. Itie kwenye kinu.
Buni ikisagwa ovyo,
hata mashine ya mfalme itakutemea maji machungu."
Anazungusha meno ya kinu kwa kidole:
mnong'ono mkavu, basi.

Nerina anamkumbuka marehemu Tullio
na rahisi zake tano, zote ziko stoo,
kila moja ilikufa dhamana ilipokwisha,
kama zilizoagana.

Analipa. Noti anazihesabu mara mbili.
Mlangoni anageuka:
"Na wewe, Ezio, utadumu?"

"Mimi?" Anakaza skrubu ya nne.
"Vipuri vyangu waliacha kuvitengeneza zamani."