Upepo Unatoka Wapi

Ambakisye, usikimbie.
Najua buti mpya zinakuwasha,
najua king'ora kimekujaa kifuani.
Simama hapa, juu ya mteremko wa Iwambi,
okota jani kavu la mkaratusi, liachie.
Limekwenda Mbalizi?
Basi sisi tunabaki huku lilikotoka.

Lori limelala ubavu, tangi limechanika,
ukungu unalamba magurudumu
na mwingine, si ukungu, unaukaribia.
Usisogee ili usome. Lete darubini.
Bango la rangi ya chungwa, tarakimu za chini.
Zitaje moja moja, polepole,
kama unayemtajia mzee ukoo wako.
Moja. Nane. Tatu. Sifuri.

Si petroli, mwanangu.
Na wale wanaopanda kutoka bondeni
na ndoo, na madumu, na sufuria la harusi,
hawajui wanakuja kuteka nini.
Chukua kipaza sauti. Usiwatukane.
Waambie ni tindikali ya kwenda migodini Zambia,
inakula kitenge, kisha paja.
Waambie kwa Kisafwa, rudia kwa Kinyakyusa;
yule mama muuza viazi
mwite kwa jina, atageuka.

Kamba ya kwanza, mita hamsini.
Koo likiwasha, ongeza, usiulize.

Sasa unaniuliza dereva.
Nimemwona. Mkono wake unapunga dirishani
kama mtu anayeaga stendi.
Nimemwona kabla yako.

Mwaka ule wa mvua nyingi
Anyelwisye naye alimwona wake.
Akaburuta mpira wa maji, akafungua,
maana sisi ni watu wa maji, tumeapishwa kwa maji,
na maji yalipoigusa ile kitu ilichemka,
ikaruka, ikamrudia usoni.
Kofia yake ndiyo ile inayoning'inia mlangoni kituoni,
ile unayoipangusa vumbi kila Jumatatu
bila kuuliza ni ya nani.
Mwokozi akianguka,
wa kuokolewa wamekuwa wawili.

Mavazi yako njiani, na mitungi ya hewa.
Wamepita Soweto; dakika kumi na mbili.
Ndiyo, ni nyingi. Zihesabu pamoja nami.
Mpungie mkono, ajue ameonekana.
Punga kwa nguvu. Hivyo.

Halafu okota jani lingine.
Upepo wa milima hii haujawahi kula kiapo.